Mistari Mitatu ya Mama Rudisha

Ofisini walimwita Mama Rudisha, na mwenyewe hakuona ubaya. Kurudisha ndiyo ilikuwa kazi yake. Waandishi wa programu walimaliza sehemu zao, wakampelekea kwa madaha kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema tupu, na baada ya saa mbili tatu kazi ikawa imerudi mezani kwao. Haikurudi na kelele wala masimango. Ilirudi na fomu fupi yenye mistari mitatu: nilifanya nini, nilitarajia nini, kilitokea nini. "Nimebonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili. Nilitarajia mgonjwa mmoja. Nimepata wawili, jina moja, mama mmoja." Basi. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba fulani ni mzembe. Alisema ukiongeza mstari wa nne hiyo si ripoti tena, ni umbea.

Kazi hiyo hakuisomea darasani. Alianza kama karani wa kuandikisha wagonjwa hospitalini, akakaa miaka saba nyuma ya dirisha dogo akiona watu wanavyoharibu fomu: huyu anaandika umri mahali pa simu, yule anaandika "sijui" mahali pa jinsia kwa sababu amejaza kwa niaba ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kompyuta zilipoletwa, walimwita aijaribu programu mpya kwa nusu saa tu. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa amepata kasoro kumi na tisa. Kampuni iliyoitengeneza ikaona heri huyu mama awe ndani kuliko awe nje.

Huko ndiko alikomkuta Fundi Kimya. Alikuwa mwandishi wa programu mrefu, mpole, asiyependa mikutano, na kazi yake ya kwanza Mama Rudisha aliirudisha mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili ilikuja safi, na kwenye nafasi ya maelezo Fundi Kimya alikuwa ameandika: "Naona sasa imepona. Je, wewe unakula wapi mchana?" Akajibiwa kwa fomu. Nilifanya: nimesoma ujumbe wako. Nilitarajia: maelezo ya kazi. Kilichotokea: nimecheka. Kutoka hapo mpaka ndoa haikupita miezi minane, na sasa ulikuwa mwaka wa ishirini na sita. Watoto wao wawili walikuwa wakubwa na walishahama. Nyumbani sheria ilikuwa moja, kwamba kasoro za ofisini zinaishia mlangoni pamoja na viatu.

Mtu pekee aliyetilia shaka ndoa hiyo alikuwa mama yake Fundi Kimya. Miaka ya mwanzo alimketisha mkwewe jikoni akamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu anajenga, wewe unabomoa, na wote mnalipwa?"

"Mama, fikiria shati," Mama Rudisha alimjibu. "Unachukua kifungo, unakivuta. Hicho ni kipande kimoja, na kipande anakijaribu aliyekitengeneza. Halafu unashona mkono kwenye bega, unavuta tena, maana mkono mzuri na bega zuri vinaweza kukataana. Kisha unalitazama shati zima: linavalika, linavulika? Mwisho unampa mwenye shati, alivae, ainame, abebe mtoto, kwa sababu yeye ndiye atakayelikubali au kulikataa. Na kila ukibadilisha kola, unarudi kuvuta vifungo vyote upya, hata vya jana."

"Vya jana vina nini tena?"

"Vya jana ndivyo vinavyong'oka wakati uko kwenye kola."

Mama mkwe akafikiri. "Na mwanangu hawezi kulivuta shati lake mwenyewe lote?" Kisha, kabla hajajibiwa, akajijibu: "Aa, nyani haoni kundule." Tangu siku hiyo walielewana, na yule mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mkwe wake ni mvuta mashati wa kompyuta.

Mwaka huu shati lilikuwa kubwa. Kampuni ilikuwa inatengeneza mfumo wa miadi kwa kliniki zote za hospitali moja: akina mama wajawazito, meno, mifupa, macho, watoto. Fundi Kimya alipewa sehemu ya kupanga foleni, ambayo ndiyo moyo wa mfumo wenyewe. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Katika miezi minne kazi yake ilimfikia mkewe mara sita ikiwa imevunjika, na kuvunjika kwenyewe kulikuwa kwa kitoto, pale ambapo majaribio yake mwenyewe yangepaswa kupiga yowe. Kasoro alizorekebisha mwezi wa pili zilirudi mwezi wa tatu. Kila mara aliulizwa, na kila mara alijibu vilevile, kwa sauti ileile ya upole: "Nilijaribu. Vipande vyote vilipita."

Wenzake walianza kunong'ona. Mmoja alisema mzee anaruka majaribio ili awahi kwenda nyumbani. Mwingine alisema umri nao ni umri. Lisemwalo lipo, walisema, na Mama Rudisha aliyasikia yote kwa sababu mtu akishazoea kusikiliza mashine, kusikiliza watu wanaonong'ona ni kazi ndogo.

Meneja alimwita ofisini kwake, akafunga mlango. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao, mwenye haraka lakini mwenye adabu.

"Mama, nakuheshimu, na yeye namheshimu," alisema. "Lakini Alhamisi wauguzi wanakuja kuujaribu mfumo wenyewe, wakiukubali ndiyo tumeuza, wakiukataa tumekwisha. Kukitokea kitu kingine kutoka kwa mzee, nitamwondoa kwenye kuandika programu. Nitampa kazi ya kutunza makabrasha mpaka atakapostaafu."

"Ni haki yako."

"Na naomba usimfichie."

"Mimi?" Mama Rudisha alisema. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuficha hata koma ya mumewe.

Kilichomuuma si makabrasha. Alijua kwamba mumewe bila kuandika programu angekauka kama mmea uliosahauliwa dirishani, hilo alilijua vizuri. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kuamini kuwa anadanganywa. Asubuhi alimtazama mumewe akipaka siagi kwenye mkate na kujiuliza, kama ananidanganya kuhusu vipande, ananidanganya kuhusu nini kingine? Hakuna kitu kibaya kama kumpenda mtu huku unamkagua. Alimwaga chai yake bila kuimaliza.

Jumatatu alifanya anachokijua. Aliandaa wiki ya majaribio: aliandika kwenye ubao kipi kitajaribiwa lini na kwa njia gani, kisha akaumba wagonjwa wa uongo. Mmoja alikuwa na jina moja tu. Mmoja alizaliwa tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa pili. Mmoja alikuwa na miadi ya meno na mifupa saa ileile, na mmoja, mama mwenye pacha, alihitaji nafasi mbili kwa jina moja. Akaagiza mashine zijifanye watu elfu wanaobisha hodi kwa pamoja, aone kama mlango utastahimili. Na kasoro zote za mumewe za miezi minne akazichapa, akazitandaza mezani. Hakuuliza nani. Aliuliza wapi. Wakaguzi wa siku nyingi wanajua kwamba kasoro hupenda kukaa kwa ujirani, ukiipata moja basi gonga nyumba ya pili. Akazipanga kwa siku, kwa saa, kwa ukubwa. Hakuona kitu.

Basi akachukua vikombe viwili vya chai, akaenda akaketi nyuma ya kiti cha mumewe.

"Nataka nione unavyojaribu," alisema.

"Leo umekuja kunisimamia?"

"Nimekuja kunywa chai."

Fundi Kimya akatabasamu, akabonyeza. Kwenye kioo orodha ikaanza kushuka, alama za kijani moja baada ya nyingine. Halafu chini kabisa ya kioo ukajitokeza ukanda mwekundu: mawili yameshindwa. Ukakaa sekunde tano, ukajificha.

"Umeona?" Fundi Kimya alisema. "Yote yamepita."

Mama Rudisha alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakuwa anamtazama mumewe mgongoni. Alikuwa anautazama uso wake kwenye kivuli cha kioo. Ulikuwa uso wa mtu anayesema maji yamechemka. Huyu hakuwa anadanganya. Miaka yote ule ukanda ulimshtua wenyewe, hakuhitaji kuutafuta, na sasa ulikuwa unajitokeza na kujificha bila yeye kujua kwamba upo.

"Bonyeza tena," alisema, na mumewe akabonyeza, na ukanda ukaja, na ukaenda.

Hapo ndipo vitu vingine vilipoanza kumjia. Ngazi ya mwisho ya ofisi, ambayo mumewe aliikosa mara mbili. Ndoo ya jirani aliyoipiga teke. Kigoda cha sebuleni. Kila mara yeye ndiye aliyemsema: haraka haraka haina baraka, baba, utavunjika mguu. Vyote vilikuwa chini. Alitaka kumwambia pale pale, lakini mkaguzi haandiki kasoro aliyoiona mara mbili tu, na woga nao ulimshika. Alimsomea zile kasoro mbili kama vile amezigundua mwenyewe, mumewe akazirekebisha kabla ya saa kumi, naye akarudi mezani kwake.

Jioni mbili zilizofuata alifanya jambo ambalo mke wa kawaida asingelifanya. Mke wa kawaida angeuliza. Yeye alitayarisha majaribio. Alinunua daftari dogo, akachora mistari, na kama ilivyo kanuni ya kazi, anayejaribiwa hakuambiwa. Aliweka ndala nyekundu mbele ya kiti. Aliweka sahani nyeupe kwenye meza fupi. Alimwomba mumewe asome saa ya ukutani, huku yeye akiwa amenyoosha vidole vitatu chini usawa wa tumbo, akapunga, akapunga tena. Kila jaribio aliandika mistari yake mitatu, kwa mwandiko safi. Anapoogopa mwandiko wake huwa safi zaidi.

Jumatano baada ya chakula cha jioni alitoka jikoni akamkuta Fundi Kimya ameketi na lile daftari mkononi. Alikuwa amelisahau juu ya redio.

"Nimeweka ndala nyekundu mbele ya kiti," mumewe alisoma, taratibu. "Nilitarajia azione. Amezipita mara nne." Akafunua ukurasa. "Nimepunga vidole. Nilitarajia acheke. Ameniambia ni saa moja na robo."

"Mume wangu."

"Umenifanya mfumo," alisema. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Ndani ya nyumba yangu. Kasoro si zilikuwa zinaishia mlangoni?"

Mama Rudisha aliketi kwenye kigoda, magoti yake yakigusana na ya mumewe. "Nitakwambia ukweli, na utanikasirikia, lakini nisikilize. Nilidhani unanidanganya. Ulisema umejaribu, na mimi sikukuamini. Nikaanza kukuchunguza nione kama nimeolewa na mwongo. Kumbe si uongo. Ukanda mwekundu unakuja chini ya kioo na wewe huuoni. Huoni chini. Nilipojua hivyo nikaogopa kukuuliza, nikafanya ninachojua kufanya. Nisamehe."

Fundi Kimya akainuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari lake, jeusi, lililochakaa kona. Ndani alikuwa ameandika kila alichofanya kila siku, kwa saa: nimefunga mlango, nimejaribu vipande, nimezima jiko.

"Miezi minne," alisema. "Kila nikiambiwa nimekosea, nakumbuka kabisa kwamba nilifanya sawa. Nikasema basi, kichwa kimeanza kuondoka. Nilidhani siku moja nitaamka nisikujue wewe ni nani. Sikutaka ulione hilo likija."

"Umekaa na hofu hiyo peke yako?"

"Na wewe je?"

Mama Rudisha alimshika mkono, akalia kidogo, na mumewe akamfuta machozi kwa kidole gumba. Kidole kilifika sawasawa, kwa sababu mkewe alikuwa ameuinua uso hadi pale anapoona.

Alhamisi wauguzi walikuja watano, wakakaa mbele ya kompyuta kana kwamba wako kwenye madirisha yao. Siku ya kukubaliwa mkaguzi hagusi kitu. Anasimama pembeni na kutazama mikono ya watu. Waliandikisha wagonjwa wao, wakafuta, wakakosea makusudi na bila makusudi, mmoja akajibu simu katikati ya fomu na kurudi baada ya robo saa. Foleni ya Fundi Kimya haikutikisika. Hata mama mwenye pacha alipata nafasi zake mbili. Saa nane mchana walitia saini.

Saini haikuwa hata imekauka, Fundi Kimya akaenda kwa Meneja mwenyewe, akafunga mlango, akamwambia yote. Mama Rudisha naye alikwenda kwa muuguzi wa kliniki ya macho, mwanamke mnene mcheshi, akampa lile daftari badala ya kueleza. Muuguzi alisoma kurasa tatu na ucheshi ukamtoka.

"Dada, haya umeyaandika wewe? Kuna wagonjwa wanakuja kwetu wakiwa wamechelewa mwaka mzima, hawana hata nusu ya maelezo haya." Akalirudisha daftari. "Mlete kesho asubuhi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ninyi bado mna nafasi."

Kumbe huko kwenye macho nao wana jaribio lao. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye kifaa kama bakuli kubwa jeupe, anatazama nukta moja katikati, na vimwanga vidogo vinawaka huku na huko. Akikiona kimwanga, anabonyeza kitufe. "Usibonyeze kunifurahisha," muuguzi alimwambia Fundi Kimya. "Watu wengi wanabonyeza ovyo, wanadhani ni mtihani wa kufaulu."

"Siwezi kudanganya kwenye jaribio," Fundi Kimya alisema. "Mke wangu yuko nje ya pazia."

Mama Rudisha alikaa kwenye benchi akisikiliza kitufe. Kilibonyezwa, kikabonyezwa, kikabonyezwa. Kisha kimya. Alijua kwamba ndani ya kimya kile vimwanga vilikuwa vinawaka chini na mumewe alikuwa ameketi na kidole tayari, akisubiri kwa uaminifu kitu ambacho kilikuwa kimeshapita. Kikabonyezwa tena, kisha kimya kirefu zaidi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akifurahi jaribio linapopata kasoro. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliomba Mungu jaribio lisipate kitu.

Lilipata. Daktari alisema ni presha ya macho. Alisema ugonjwa huu hauna maumivu, unakula pembeni polepole, na ubongo unajazia pengo ili mwenyewe asijue. Sehemu ya chini, macho yote mawili, ilikuwa imekwenda kwa kiasi kikubwa, na iliyokwenda hairudi. Lakini iliyobaki ilikuwa nzuri, na ingeweza kubaki miaka mingi kwa dawa ya matone kila jioni, bila kukosa hata siku moja, maisha yote. Kama wangechelewa mwaka mmoja, alisema, angekuwa anazungumza nao mengine.

Jumatatu Fundi Kimya aliuhamisha ule ukanda mwekundu kutoka chini ya kioo akauweka juu kabisa, akauongezea kengele. Kazi nzima ilichukua dakika tisa. Meneja alikuja akasimama nyuma yake, akaisikia kengele ikilia, akasema, "Mzee, na mimi niwekee hiyo." Habari ya makabrasha haikutajwa tena.

Jioni ya kwanza ya matone, Mama Rudisha alimlaza mumewe kwenye kochi, kichwa juu ya mapaja yake, akashika kichupa. Tone la kwanza lilianguka shavuni. La pili likaingia sikioni.

"Rudisha," Fundi Kimya alisema, macho wazi, akitazama dari.

La tatu likaingia. Alifumba macho kama alivyoelekezwa, na bado amefumba akachomoa kwenye mfuko wa shati lile daftari dogo la majaribio, akampa. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya ndala na vidole, alikuwa ameandika ripoti yake.

"Nilifanya: nilijikwaa miezi minne, nikanyamaza. Nilitarajia: hakuna atakayejua. Kilichotokea: mke wangu alikuwa anahesabu."

Mama Rudisha alisoma, akasoma tena. Kisha akachukua kalamu na kuandika kitu chini ya ile mistari mitatu, mwishoni kabisa mwa ukurasa, akamrejeshea. Fundi Kimya alifumbua macho, akalitazama daftari, akasoma alichoandika mwenyewe, akangoja.

"Hujaandika kitu," alisema.

Mkewe akaingiza mkono chini ya mkono wake, akalinyanyua daftari mpaka mstari wa nne ukafika mahali anapoona. Ulisema: "Wewe tazama mbele, chini nitakutazamia mimi."